Kuchagua Maskani: Habari za Handeni na Korogwe

Mtu ahamaye kwao huwa na maswali mawili kabla hajatua mzigo wake. La kwanza ni nani aliyepo hapa awezaye kumdhuru. La pili ni hatua ngapi zilizopo baina ya mlango wake na maji, shamba, soko na nyumba ya jirani. Maswali mengine, kama uzuri wa mandhari au heshima ya jina la mtaa, huja baadaye, na aghalabu huulizwa na wale ambao maswali mawili ya kwanza yamekwisha kujibiwa kwa niaba yao. Katika miji mikubwa ya siku hizi jambo hili limekuwa elimu yenye wataalamu wake: hutafutwa mtaa unaopitika kwa miguu, usio na hofu usiku, na wenye uwezo hulipa kodi kubwa ili waupate. Lakini elimu hiyo si changa. Nchi ya Handeni na Korogwe, katika mkoa wa Tanga, imekuwa ikifanyiwa mtihani wake kwa muda wa karibu miaka mia mbili, na katika baadhi ya miaka hiyo aliyeshindwa mtihani alipoteza uhuru wake au roho yake.

Wilaya hizi zinapakana, lakini hazifanani. Korogwe imekaa bondeni chini ya milima ya Usambara, ukingoni mwa mto ambao watu wa pwani huuita Pangani na watu wa bara huuita Ruvu, nao si ule Ruvu wa Bagamoyo. Mto huo hutoka upande wa Kilimanjaro na haukauki. Handeni iko kusini yake, nchi ya vilima vidogo na vichaka, ambayo mvua zake haziaminiki na vijito vyake vingi hugeuka mchanga wakati wa kiangazi. Wenyeji wa Handeni ni Wazigua hasa. Korogwe wamo Wazigua, Wasambaa, Wabondei na Waruvu wa mtoni, pamoja na watu wa makabila mengi walioletwa na reli na mkonge. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa siku mbili tatu kwa miguu msafiri wa zamani alikutana na namna kadhaa za kujibu maswali yale mawili, na kila namna ilikuwa na faida yake na gharama yake.

Katikati ya karne ya 19 hofu kubwa ya bonde hilo ilikuwa mashambulio ya Wamasai waliokuja kutwaa ng'ombe. Ikaongezeka hofu ya watekaji watu, ambao biashara ya pwani iliwapa bunduki na baruti na kuwalipa kwa kila kichwa walichokileta. Waruvu, watu wachache wasio na jeshi, walijibu hofu hizo mbili kwa njia moja: walihamia mtoni. Huko Maurui na Korogwe palikuwa na visiwa katikati ya mkondo, na juu yake walijenga vijiji vilivyosongamana nyumba kwa nyumba. Njia ya kuingilia ilikuwa daraja la magogo, jembamba, la kupita mtu mmoja mmoja, ambalo watu wachache waliweza kulilinda. Mashamba yao yalikuwa ng'ambo, kwenye udongo wa kingo ambao mto huurutubisha kila unapofurika. Mwanamke aliyepalilia mahindi aliweza kuliona paa la nyumba yake, na ukipigwa ukelele wa hatari hakuwa na safari ndefu. Maji ya kunywa, samaki na ukuta wa mji vilikuwa kitu kimoja. Wamasai, ambao hawakuwa na mitumbwi wala hamu ya samaki, hawakuona sababu ya kujisumbua.

Makazi ya namna hiyo yalikuwa na tabu zake. Kisiwa hakipanuki watoto wakiongezeka. Mamba hawabagui mwenyeji na mgeni, mbu walikuwa wengi, na mwaka wa mafuriko mlinzi aligeuka kuwa adui. Hata hivyo ni vigumu kuonyesha mahali pengine katika bonde zima ambapo watu dhaifu walipata usalama kwa gharama ndogo kama hiyo, bila kumtumikia mtu na bila kwenda mbali na jembe lao. Jina la Korogwe lilikuwa la makazi hayo ya mtoni kabla halijawa jina la stesheni ya reli.

Juu ya mabonde hayo Wasambaa walikuwa na jawabu lao. Ludwig Krapf alipofika Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852, na Richard Burton na John Speke walipopanda huko Februari 1857, waliukuta mji mkuu wa mfalme Kimweri ye Nyumbai umekaa mlimani, na wageni walilazimika kupanda kwa jasho jingi. Lakini urefu wa mlima haukuwa hoja peke yake. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, ameeleza kwamba vijiji vingi havikujengwa ndani kabisa ya milima bali karibu na ukingo wake. Sababu ilikuwa ya miguu. Mtu wa ukingoni alikuwa na migomba yake mlangoni, mahali penye mvua na baridi, na papo hapo aliweza kushuka asubuhi kulima nyikani, kwenye udongo wa joto unaofaa mazao mengine, na kupanda jioni akalale mbali na homa na mikuki ya nyikani. Mvua ikikosekana chini, huenda ilinyesha juu; shamba moja likifa, la pili lilisalia. Mpaka baina ya Shambaai na nyika haukuwa mstari wa wanajiografia tu. Ulikuwa njia ya kila siku iliyokanyagwa na watu wenye majembe begani.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alifanya uchaguzi uliokwenda kinyume na hekima hiyo yote. Yeye alikaa Mazinde, chini kabisa, kando ya njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda upande wa Kilimanjaro. Kwa mkulima mahali hapo palikuwa pa hatari kuliko pote. Kwa Semboja palikuwa mlango wa bunduki, baruti na nguo, na mwenye bunduki nyingi hakuhitaji mlima. Kabla ya miaka ya 1860 kwisha alikuwa na nguvu za kutosha kuvamia Vuga, na mji wa baba yake ukateketea kwa moto. Wanahistoria wengi husoma habari hii kama kisa cha urithi na fitina za nyumba ya kifalme, nao hawakosei. Lakini inaweza kusomwa pia kama habari ya maskani: mahali palipompa mkubwa usalama palikuwa mahali pa kuwatekea wadogo, kwa kuwa bunduki zililipwa kwa watu waliokamatwa vilimani na nyikani. Mtu asemapo mahali fulani ni salama hana budi kuulizwa ni salama kwa nani.

Huko Uzigua hapakuwa na mfalme mmoja. Palikuwa na wakubwa wengi, kila mmoja na kijiji chake kilichozungukwa na boma la miti au uzio wa mimea ya miiba, kimejificha ndani ya kichaka na kufikiwa kwa njia nyembamba yenye kupindapinda. Nje ya boma kulikuwa na mashamba. James Giblin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kinahusu hasa nchi hii, ameonyesha kwamba kilichowavuta watu ndani ya maboma hayo hakikuwa miti peke yake bali ghala. Mkubwa aliyepokea mazao, ushuru na bidhaa za pwani aliweza kuwalisha wafuasi wake mwaka wa njaa. Mwenye shida aliyafunga mafungu yake, akatembea mpaka kwa mkubwa, akaomba kukaa, na badala yake alitoa kazi, utii, na pengine mtoto wa kuwekwa rehani. Kuchagua mahali pa kukaa kulikuwa ni kuchagua bwana. Wapo wanaoieleza Afrika ya kale kana kwamba kila mtu alijenga apendapo, Uzigua inawakanusha.

Pamoja na hayo maboma yalifanya kazi moja ambayo pengine haikuonekana wakati ule kwa ukubwa wake. Watu waliokaa pamoja walifyeka na kulima eneo zima lililozunguka kijiji, mbuzi na ng'ombe wakala machipukizi, moto ukala nyasi. Mbung'o hukaa kichakani. Kichaka kikiondolewa, naye huondoka. Kwa namna hiyo kila kijiji kilikuwa na duara lake la nchi iliyo safi, na upana wa duara hilo ulikuwa ule ambao mtu aliweza kwenda na kurudi kwa siku kwa ajili ya kazi.

Ghala, hata hivyo, lilikuwa na kikomo. Katika miaka ya 1830 njaa kuu iliipiga Uzigua, na wakubwa wakashindwa kuwashika watu wao. Wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, nao wakatiwa utumwani. Masimulizi husema walipakiwa majahazini kwa ahadi ya kazi na chakula, wakashushwa pwani ya Benadir, katika nchi ya Somalia. Huko waliuzwa kwa wenye mashamba. Baadaye kundi kubwa lilitoroka na kushika njia ya kusini kwa nia ya kurudi kwao kwa miguu. Masimulizi hayo humtaja Wanankhucha, mwanamke aliyesifiwa kwa utabiri, kuwa ndiye aliyewaongoza. Hawakufika Handeni. Walifika Mto Jubba, wakatua katika msitu wa kingo zake ulioitwa Gosha, na wajukuu wao waliendelea kukaa huko mpaka mwisho wa karne ya 20, wakisema Kizigua.

Kwa nini palepale? Jubba ulikuwa na maji yasiyokauka na udongo wa mafuriko, kama Ruvu ya Korogwe. Na msitu wake ulikuwa na mbung'o. Wafugaji na wawindaji wa watumwa hawakuthubutu kukaa ndani yake pamoja na ng'ombe na farasi wao, kwa sababu wanyama hao wangekufa. Mdudu ambaye nyumbani Uzigua alifukuzwa kwa shoka na moto, ugenini alifanywa bawabu. Yamkini watoro hao walilijua jambo hilo vizuri tangu mwanzo. Watu waliozaliwa katika nchi ya mbung'o hawakuhitaji kufundishwa anachokifanya. Walitafuta mahali ambapo mwenye nguvu hawezi kufika na mwenye jembe anaweza kula, nao wakapata. Waruvu walikuwa wamefanya vivyo hivyo kwa kutumia maji.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa haraka katika mwongo wa mwisho wa karne hiyo. Sotoka iliua ng'ombe karibu na mwaka 1891. Nzige walifuata, kisha njaa ya 1894 mpaka 1896, na nyingine kali zaidi ya 1898 mpaka 1900. Katika miaka hiyohiyo Wajerumani, ambao Waswahili wa zamani waliwaita Wadachi, waliziweka chini ya utawala wao nguvu zote za wakubwa, na kuanzia mwaka 1898 wakatoza kodi ya nyumba. Vita vya kutekana vilikoma. Mtu wa Uzigua aliweza sasa kutoka ndani ya boma na kujenga karibu na shamba lake, na wengi walifanya hivyo. Ni nani angewalaumu? Lakini ghala la mkubwa lilikuwa limekwisha, na nyumba zilizotawanyika hazikuweza kufyeka duara la nchi kama kijiji kizima. Kichaka kilirudi mpaka kwenye viambaza, na mbung'o akarudi pamoja nacho. Amani ilipunguza hofu ya watu, ikaongeza milki ya mdudu. Na Handeni, ambayo ilikuwa na ng'ombe, ikajulikana katika karne iliyofuata kuwa nchi ya njaa.

Korogwe ilipata njia nyingine. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, ukaenea bondeni kwa maelfu ya ekari. Mji uliondoka mtoni ukafuata stesheni. Penye behewa pana soko, penye soko pana nyumba ya kupangisha. Ndivyo ilivyokua mitaa kama Manundu na Majengo, ambayo mwenye mguu mzima huweza kuipita yote kwa asubuhi moja. Wafanyakazi wa mkonge hawakuchagua. Walikuja kwa mkataba kutoka mbali, wakaitwa manamba, wakalazwa katika kambi zilizopangwa safu kwa safu ndani ya mashamba, karibu na kazi na mbali na kila kitu kingine. Wengi wao mkataba ulipokwisha hawakurudi kwao, wala hawakubaki kambini. Walinunua au kuomba kiwanja ukingoni mwa mji, karibu na barabara na maji, wakalima kidogo. Uchaguzi wa kwanza ulipopatikana, ulikwenda mahali pa kawaida.

Baada ya uhuru swali la maskani likawa swali la taifa. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kujaribiwa: katika miaka ya 1960 palifunguliwa Kabuku makazi ya wakulima wa mkonge, na baada ya Julius Nyerere kutoa andiko lake la Ujamaa Vijijini mwaka 1967, wilaya hiyo ilihimizwa sana kuwakusanya watu wake. Mwezi Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ikatungwa mwaka 1975.

Nia ya mpango huo haikuwa mbaya, na baadhi ya hoja zake zilikuwa za kweli kabisa. Shule haiwezi kujengwa kwa nyumba tatu, wala zahanati haiwezi kumfuata mgonjwa kichakani. Katika wilaya yenye njaa za mara kwa mara, chakula cha msaada hufika upesi kwa watu waliokaa pamoja. Hata yule mbung'o alikuwa shahidi wa upande wa serikali, kwa kuwa mtawanyiko ndio uliomrudisha. Tatizo lilikuwa kipimo. Waliochagua mahali pa vijiji vipya walikuja kwa gari, na mara nyingi walichagua mahali ambapo gari hufika. Nyumba zilipangwa kandokando ya barabara, zikatazamana kwa mistari iliyonyoka. Mwanamke wa Kizigua aliyehamishiwa hapo aliiona barabara kila siku bila kuwa na chombo cha kupita juu yake, ilhali shamba lake la zamani, mti wake wa dawa na kaburi la mama yake vilikuwa mbali nyuma ya nyumba, na maji pengine mbali zaidi. Mashamba ya karibu yalichoka upesi kwa kulimwa na wengi, na kuni zikaisha. Kwa nguruwe na nyani shamba la mbali lisilo na mlinzi lilikuwa karamu. Michaela von Freyhold, aliyevichunguza vijiji vya mkoa wa Tanga na kuchapisha kitabu mwaka 1979, aliwaona wakulima wakifanya hesabu yao kimya kimya: wanahudhuria kijijini kwa mwili, huku nguvu zao wakizipeleka kwenye mashamba yao wenyewe. Baadhi walijenga vibanda huko shambani wakalala wiki nzima. Si ukaidi tu. Ni hesabu ya hatua.

Kwa haki yapaswa kusemwa kwamba gurudumu lilileta kitu ambacho mguu usingeweza kukileta. Katika miaka hiyo ya 1970 ulijengwa mradi wa maji ujulikanao kwa herufi HTM, ambao hutoa maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka kwa mabomba mpaka Handeni. Bomba hilo halikutosha wala halikuaminika kila msimu, na maneno ya uhaba wa maji hayajakoma Handeni. Lakini wazo lake lilikuwa kubwa: badala ya kuwahamisha watu waende kwenye maji, mto wa Waruvu ulihamishwa uwafuate Wazigua.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na vita vikaingia Gosha. Msitu uliokuwa ngao katika zama za mikuki haukuzuia bunduki za rashasha. Watu wa kingo za Jubba, wakulima wasio na silaha wala ukoo wa kuwatetea, waliporwa na kuuawa. Wengi walikimbilia kambi za Kenya. Baadhi walisafiri mpaka Tanzania, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu, huko Handeni. Hivyo vitukuu vya watu waliotaka kurudi kwa miguu katika karne ya 19 walifika, wakiwa wakimbizi, katika nchi ileile, wakawakuta wenyeji wanaosema lugha wanayoielewa. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyohiyo, ambako walikuwa kiasi cha watu elfu tatu na kila familia iligawiwa ardhi ya kulima. Tanzania iliwapa wengi wao uraia. Mwaka 2014 peke yake walioandikishwa walizidi 1,500.

Chogo haikuchaguliwa na Wazigua wa Jubba. Ilichaguliwa na serikali na shirika la wakimbizi. Lakini nchi yenyewe walikuwa wameichagua kwa moyo tangu zamani, na jambo hilo linatofautisha habari yao na ya wahamiaji wengine walioletwa Handeni hivi karibuni. Kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuwahamishia kijiji cha Msomera familia za wafugaji, Wamasai wengi wao, kutoka Ngorongoro. Kila kaya iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja cha ekari mbili na nusu, pamoja na shamba la ekari tano, na kijijini pakajengwa shule, zahanati na mabwawa. Serikali husema waliohama wamehama kwa hiari, ili Ngorongoro ihifadhiwe na watu wapate huduma. Wapinzani wa mpango huo, pamoja na shirika la Human Rights Watch katika taarifa yake ya mwaka 2024, husema hiari hiyo ilipatikana baada ya huduma kupunguzwa huko walikotoka, na kwamba wenyeji wa Msomera waliokuwapo kabla hawakushauriwa ipasavyo juu ya ardhi yao. Mwezi Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza na wakazi wa Ngorongoro, alitangaza kuundwa kwa tume mbili za kuchunguza masuala ya ardhi na uhamaji huo.

Hukumu ya mzozo huo haimo katika uwezo wa insha hii. Kinachohusu hapa ni umbo la nyumba. Boma la Kimasai huwaweka wake, watoto na mifugo ndani ya uzio mmoja. Mtu husikia usiku fisi akikaribia zizi, na mama mkubwa hufika kwa mama mdogo kwa hatua kumi. Nyumba ya Msomera ni moja kwa kila mkuu wa kaya, nayo husimama peke yake katikati ya ekari zake. Ekari mbili na nusu ni ukarimu kwa kipimo cha ramani. Kwa bibi mzee anayetaka kuota moto na mke mwenzie zinaweza kuwa jangwa. Ni ajabu kwamba miaka hamsini baada ya vijiji vya mistari, katika wilaya ileile, rula imerudi tena mezani.

Wazigua wa Jubba waliobaki Kenya walipata mwisho mwingine. Marekani iliwakubali kwa maelfu, na kuanzia mwaka 2003 ikawatawanya katika miji mingi kufuatana na nafasi za mashirika yaliyowapokea. Mara nyingi walipewa nyumba ambazo kodi yake ni ndogo, na kodi ikiwa ndogo mahali pasipo reli wala soko la karibu, sababu yake hujulikana usiku. Watu hawa hawakukaa wakangoja. Walisikia kwamba Wasomali wengine, walioanza kuhamia mji mdogo wa Lewiston katika jimbo la Maine mwaka 2001 baada ya kuwatuma wajumbe kuutazama kwanza, walikuta shule nzuri, uhalifu mchache na nyumba za bei nafuu. Kuanzia karibu mwaka 2005 nao wakaanza kufika huko. Catherine Besteman, mwanaanthropolojia aliyeishi katika kijiji cha Jubba kabla ya vita na kuwakuta tena wanakijiji wake Lewiston, ameandika habari zao katika kitabu cha mwaka 2016.

Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha. Mitaa ya katikati ya Lewiston ilijengwa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliohamia kutoka Quebec, ambao hawakuwa na magari. Ndiyo maana nyumba zake za ghorofa zimebanana, na shule, maduka na bustani ya watu wote viko mwendo wa miguu. Viwanda vilipofungwa nyumba zilibaki, kuukuu na rahisi. Mama asiyejua kuendesha gari wala kusema Kiingereza aliweza kununua unga, kumfuata mtoto shuleni na kumsabahi jamaa yake bila kumwomba mtu msaada. Usalama haukuwa kamili. Mwezi Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wapunguze kuja. Januari 2003 watu wapatao elfu nne walikusanyika kuwaunga mkono. Rangi za zamani katika kuta zile zina risasi, sumu inayowadhuru watoto wadogo, na mwaka 2013 mioto ya mfululizo iliteketeza majengo kadhaa ya katikati ya mji. Hata hivyo walibaki, na jamaa zao wakaendelea kuwafuata.

Walipokwisha kutua walidai jembe. Chama chao hulima sasa katika kitongoji cha Wales, nje ya Lewiston, mahindi ya kusaga pamoja na mboga, katika nchi ambayo theluji huilaza ardhi karibu nusu ya mwaka. Shamba hilo haliwezi kufikiwa kwa miguu. Wakati wa palizi wazee hukusanyika mtaani, wakapakiwa katika magari ya vijana, na jioni hurudishwa mjini.